Mgeni wa Miguu Minne

Wahenga walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii twaitumia tunaponena juu ya watoto, na tena juu ya mbwa. Mtu akitaka mbwa wa kulinda nyumba yake, hutafuta mtoto wa mbwa aliyeachishwa ziwa majuzi tu, naye husema: "Huyu nitamlea mwenyewe, atanijua mimi peke yangu." Lakini mbwa aliyekwisha komaa, tena aliyepotewa na bwana wake, hapati mtu wa kumtaka. Hutupiwa mawe sokoni, hula takataka, na mwisho hufa njiani au hugeuka hatari kwa watoto wetu. Leo, wasomaji wapenzi, twataka kunena juu ya mbwa wa namna hiyo, kwa kuwa mmoja amekuja kukaa kwetu hapa Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, naye ametufunza mambo yafaayo kujulikana na jamaa nyingine.

Mbwa huyo alikuwa wa mama mzee mmoja, mjane wa mtaa wetu, ambaye watoto wote walimwita Nyanya. Mungu alipomwita, wanawe waliokuwa wakikaa mbali walikuja kumzika, wakagawana vyombo, wakafunga mlango, wakarudi makwao. Mbwa hakuhesabiwa pamoja na vyombo. Alibaki amelala mbele ya mlango uliofungwa. Jirani mmoja akasema: "Afadhali auawe, kwani hana wa kumlisha." Wengi walikubali neno hilo. Hawakusema hivyo kwa ukali wa moyo. Mbwa asiye na mwenyewe ni jambo la kuogopwa kweli.

Jina lake ni Watasema. Nyanya alimwita hivyo kwa kufuata desturi ya wazee wengi, ambao huwapa mbwa majina yenye ujumbe kwa majirani: watasema watakayo, nasi tutaendelea kuishi. Jambo la kuchekesha ni kwamba mwenyewe hasemi. Ni mmoja wa wale mbwa wadogo wa nchi yetu, wenye manyoya mafupi mekundu, masikio ya kusimama, na mkia uliokunjwa juu ya mgongo. Habweki kama mbwa wengine. Akifurahi hutoa sauti kama ya mtu anayeimba bila maneno. Tangu zamani sana mbwa wa namna hiyo wamewasaidia wawindaji katika misitu ya Kongo, wakivikwa njuga ya mti shingoni ili mwindaji ajue walipo majanini. Wazungu waliwachukua wengine, wakawaita basenji, na katika mwaka wa 1937 waliwaonyesha London, kwenye maonyesho ya mbwa yaitwayo Crufts. Leo basenji hufugwa Ulaya na Marekani kwa gharama kubwa. Huku kwetu twawapita ndugu zao bila kuwatazama.

Mama wa nyumba yetu ndiye aliyeuliza swali kubwa kuliko yote. Alisema: "Tuna watoto sita, na kuna siku ambapo sufuria haijai. Je, ni haki kumpa mbwa chakula?" Hatukuliona swali hilo kuwa dogo. Tulifungua Katekismu ya Eklezya Katolika, iliyotolewa mwaka wa 1992, tukasoma hesabu ya 2416 na 2418. Humo twafundishwa mambo mawili pamoja: kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na yatupasa kuwatendea wema bila kuwatesa ovyo, tena kwamba si vema kuwatolea mali ambayo ingepaswa kwanza kuondoa taabu za watu. Basi kipimo tulikipata. Hatukumnunulia nyama. Alipewa ukoko wa bugali, vichwa vya ndagala vilivyooshwa chumvi, na mchuzi uliobaki, asubuhi na jioni. Tumbo la mbwa mdogo lisilozidi kilo kumi na moja za mwili mzima halidai mengi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hatumpi, kwani huvunjika kama sindano ikachoma matumbo. Wala vitunguu, ambavyo huharibu damu ya mbwa.

Jambo la kwanza, hata kabla ya kumzoesha nyumba, lilikuwa kumpeleka kwa mganga wa wanyama. Hakuna aliyejua kama Watasema aliwahi kupata chanjo. Na mbwa asiyejulikana yafaa ahesabiwe kuwa hajachanjwa. Katika kila watu mia wanaopatwa na kichaa cha mbwa, karibu wote, yaani 99, wameambukizwa na mbwa. Na ugonjwa huo ukiisha kuonyesha alama zake ndani ya mtu, ni kama hakuna anayepona. Wanaoumwa mara nyingi ni watoto. Tena mbwa aweza kubeba ugonjwa huo majuma mengi, hata miezi, naye aonekane mzima. Ndiyo sababu tulimchanja, tukampa na dawa ya minyoo, tukamwondoa kupe, na majuma ya kwanza tukamwangalia sana, kwa maana chanjo haimkingi siku ile ile. Watoto wetu walifundishwa maneno haya mpaka wakayajua kama sala: mbwa yeyote akikuuma au akikukwaruza, osha kidonda kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, uwaambie wazazi bila kuficha, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Ndipo ilipoanza kazi yenyewe. Siku tatu za kwanza Watasema hakula ila kidogo. Alijibanza nyuma ya jiko, mkia umeshuka, macho yakitazama njia. Watoto walitaka kumshika, kumbeba, kumwita kila dakika. Baba aliwakataza. Alisema: "Mgeni aliyefiwa hasalimiwi kwa kelele." Tuliweka mahali pake pembeni, mbali na mlango na mbali na moto, tukatandika kipande cha mkeka wa Nyanya tulichokiomba kwa wanawe. Mkeka huo haukufuliwa. Mbwa hujua dunia kwa pua kuliko kwa macho, na harufu ile ndiyo iliyokuwa neno la pekee alilolielewa katika nyumba yetu. Jina lake pia hatukuligeuza, ingawa watoto walikuwa na majina mengine mazuri. Alikuwa amepotewa na mengi. Hatukuona haja ya kumwondolea na hilo.

Usiku alitoroka. Mara tatu katika juma moja tulimkuta alfajiri mbele ya mlango wa Nyanya. Watu walitushauri tumpige ili asahau. Lakini mbwa anayepigwa akikutwa mahali anapopapenda hajifunzi kuchukia mahali pale; hujifunza kumwogopa anayekuja kumchukua. Basi kijana wetu mkubwa alikwenda na kamba, akaketi karibu naye kimya, akangoja mpaka mbwa akasimama mwenyewe, wakarudi pamoja taratibu. Baada ya hapo tulitengeneza ua, na kila jioni tukamtembeza kwa kamba katika njia ile ile, saa ile ile. Mchana kutwa hatukumfunga, kwa maana mbwa aliyefungwa daima hupandwa na ukali.

Juma la tatu lilileta jaribu. Mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka minne, alisogea penye sahani ya mbwa wakati wa kula. Watasema aliinua midomo, akanguruma. Hakuuma; mtoto alikimbia akilia. Siku hiyo nyumba iligawanyika. Mama alisema mbwa aondoke kabla jua halijatua, na nani angemlaumu? Baba alimjibu kwa upole: "Mbwa huyu ametuonya, hakutushambulia. Tukimpiga kwa kunguruma, siku nyingine ataacha kunguruma na kuuma bila onyo." Tulishauriana mpaka usiku, tukaamua hivi: sahani itawekwa nyuma ya jiko, penye kizuizi cha mianzi, mtoto mdogo hataachwa peke yake na mbwa kamwe, hapana mtu atakayemgusa akila au akilala, na ikiwa atauma mtu, ataondoka kwetu. Mama alikubali kwa sharti hilo la mwisho, nasi sote tuliahidi kulishika.

Kisha mama mwenyewe akafanya jambo ambalo hatukulitazamia. Kila asubuhi, akitoka kuchota maji, alipita karibu na kizuizi na kuangusha kichwa kimoja cha ndagala ndani ya sahani, bila kusimama, bila kumtazama mbwa machoni, akaenda zake. Majuma mawili alifanya hivyo. Watasema akaanza kutikisa mkia aliposikia hatua zake, kwani aliona kwamba mtu anayekaribia sahani haji kunyang'anya, bali huja kuleta. Wenye kufuga mbwa husema kwamba mbwa mzima huhitaji siku tatu ili hofu ipungue, majuma matatu ili ajue desturi za nyumba, na miezi mitatu ili aione kuwa ni kwake. Hesabu hii si sheria, maana mbwa hawafanani. Lakini kwetu haikukosea sana.

Katika mwezi wa tatu wapangaji wapya waliingia katika nyumba ya Nyanya. Mlango ulifunguliwa. Watasema, ambaye siku hizo alikuwa akitembea bila kamba, alikwenda akanusa kizingiti, akazunguka nyumba mara moja, akasimama kitambo. Sisi tulikuwa tukimtazama kutoka uani, wala hatukumwita. Jioni, saa yake ya kula, alirudi peke yake.

Je, methali ya samaki imesema uwongo? Hapana. Lakini mbwa aliyekomaa si samaki wa kukunjwa. Amekwisha kujifunza kumpenda mwanadamu. Lililobaki ni kujua kama wanadamu wa nyumba hii ni watu wa kuaminiwa. Na hilo halijui kwa maneno matamu wala kwa fimbo. Hulijua kwa kuona kwamba chakula huja saa ile ile, sauti ni ile ile, na aliyekwenda kazini hurudi. Kazi ngumu, basi, haikuwa ya kumbadili yeye, bali ya sisi wenyewe kuwa waaminifu katika mambo madogo kila siku, hata siku za uchovu.

Katika Kitabu cha Tobia twasoma kwamba kijana Tobia aliposafiri pamoja na malaika Rafaeli, mbwa alifuatana nao. Kitabu hakisemi mbwa huyo alifanya nini. Chasema tu kwamba alikwenda pamoja nao. Na Kitabu cha Methali, katika sura ya 12, chafundisha kwamba mtu mwenye haki huangalia maisha ya mnyama wake. Mbwa si mtu, wala tusimweke mahali pa mtu. Hata hivyo, katika nyumba zetu huja pia wageni walio na thamani kuliko mbwa wote: mtoto wa ndugu aliyefiwa, jamaa waliokimbia vita, mzee asiye na wa kumtunza. Nao huja wakiwa na mkeka wao wa zamani moyoni, nao pengine hunguruma kwa sababu ya hofu. Watoto wetu waliojifunza kumngojea mbwa miezi mitatu, je, watashindwa kumngojea ndugu yao?

Basi, wewe unayetaka kumpokea mbwa wa namna hiyo, jiulize kwanza kama nyumba yako inayo nafasi, chakula kidogo cha kila siku, na fedha ya chanjo kila mwaka. Kama huna, usimchukue. Si dhambi kukataa mzigo usioweza kuubeba. Lakini ukimchukua, usimrudishe njiani baada ya juma moja kwa kuwa hajakupenda bado. Mpe mahali pake, mpe saa yake, linda watoto wako, kisha ngoja. Mungu Muumba, ambaye hutungojea sisi sote, atakuwa amekufundisha kazi yake kidogo.