Bonde Lililo Chini ya Maji



Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa masomoni Uingereza, tulikaa kiangazi kizima katika parokia moja ya jiji la Liverpool, tukimsaidia paroko wake aliyekuwa mgonjwa. Joto la mwaka ule liliwashangaza hata wenyeji, nasi tulikunywa maji ya bomba bila kuhesabu bilauri, tukiyasifu kwa ubaridi wake. Mzee mmoja wa parokia ile, mzaliwa wa Wales, alitusikia. Akatuambia, “Padri, Jumatatu nitakupeleka ukaone yanakotoka baadhi ya maji hayo.”

Tulipita mji mdogo wa Bala, kaskazini mwa Wales, kisha tukapanda upande wa magharibi tukifuata mto Tryweryn. Ni nchi ya kondoo, ya kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa, na ya ukungu unaoingia na kutoka pasipo kubisha hodi. Kusini umesimama mlima Arenig Fawr, mita 854, na mbele yake limelala ziwa liitwalo Llyn Celyn. Kwa utulivu wake ungedhani liliumbwa siku ile ile milima ilipoumbwa. Kumbe mzee wetu alikuwa amelizidi umri kwa miaka mingi: ziwa lile ni bwawa, na lilizinduliwa tarehe 21 Oktoba 1965.

Chini ya maji yale palikuwa na kijiji cha Capel Celyn. Kwa Kiwelisi *capel* ni kanisa dogo, na *celyn* ni ule mti wa majani ya miiba na matunda mekundu ambao Wazungu hupambia nyumba zao wakati wa Noeli. Palikuwa na kanisa la Wamethodisti wa mapokeo ya Calvin, shule, posta, makaburi, na nyumba na mashamba 12. Kati ya wakazi 67 wa bonde lile, 48 walipoteza makazi yao, na ekari zipatazo 800 zikazama. Walisali, wakagombana na kubembeleza watoto wao kwa Kiwelisi, lugha ambayo tayari ilikuwa ikirudi nyuma mbele ya Kiingereza.

Yalitendekaje? Kwa sheria, wapendwa. Halmashauri ya jiji la Liverpool haikwenda kuomba ridhaa ya serikali za mitaa za Wales. Ilipeleka muswada wake moja kwa moja Bungeni, London, nao ukawa sheria mwaka 1957. Walio wengi mno kati ya wabunge wa Wales waliupinga, lakini walikuwa wachache mbele ya wabunge wa Uingereza. Mwezi Novemba 1956 wanakijiji, watoto kwa wakubwa, walikuwa wameandamana katika mitaa ya Liverpool wakiomba wasizamishwe. Waliandamana, wakarudi nyumbani, na bwawa likajengwa.

Tuseme haki pia. Liverpool ilikuwa na kiu ya kweli, kwa viwanda vyake na kwa makazi ya watu wake, na wengi katika maskini wa jiji lile walikuwa Wakatoliki wenzetu, vizazi vya Waayalandi waliokimbia njaa. Si rahisi kumnyooshea kidole mama anayetaka maji ya kuogesha mtoto. Nasi tuliokuwa tumekunywa maji yale majuma sita tusingeweza kuwarushia wengine mawe. Hakuna hata bomba la kulaumu: maji hufunguliwa kutoka bwawani, yakafuata mto wake wa asili hadi kuingia mto Dee karibu na Bala, na huchotwa mbali huko chini, karibu na mji wa Chester. Mtu anayefungua bomba jijini hana cha kumkumbusha.

Habari ya makaburi ndiyo iliyotukaa moyoni kuliko zote. Wenye ndugu waliozikwa pale waliulizwa kama wafu wao wafukuliwe wahamishwe, au waachwe. Wanane wakafukuliwa. Kwa waliobaki, mawe ya makaburi yaliondolewa na ardhi ikafunikwa kwa zege kabla ya maji kupanda. Leo mawe hayo yamo katika bustani ya kumbukumbu kando ya ziwa, karibu na kikanisa kilichojengwa kwa mawe ya kijiji. Mzee alipita akiyasoma majina kwa sauti, jina baada ya jina, kama anayeita mahudhurio shuleni. Sisi tulisimama nyuma yake, hatujui Kiwelisi hata neno moja, tukajikuta tunaitikia “Amina” kila jina.

Milima ile ilikuwa imeyaona mambo ya namna hii zamani. Penye maji leo lilikuwapo shamba la Hafod Fadog, ambako Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki, wanaoitwa Wakwekeri, walikusanyika kusali katika karne ya 17 na ya 18. Wengi wao wakateswa hata wakahamia Pennsylvania. Na ng'ambo ya milima, upande wa magharibi, ni Trawsfynydd, alikozaliwa Mtakatifu John Roberts, mmonaki wa Kibenedikto aliyewahudumia wagonjwa wa tauni London, kisha akauawa huko huko Tyburn tarehe 10 Desemba 1610 kwa kosa la kuwa padri. Hao nao waliondolewa kwa sheria iliyopitishwa sawasawa.

Baraza la jiji la Liverpool liliomba radhi mwaka 2005, miaka 40 baada ya uzinduzi.

Mtatuuliza kwa nini tunayasema haya leo. Katika kikao cha Halmashauri ya Walei mwezi uliopita tuliitazama ramani ya ukumbi mpya, ambao msingi wake utapita juu ya makaburi ya zamani nyuma ya kanisa. Vijana wanauhitaji ukumbi huo, nasi tunawaunga mkono. Kibali kipo, kura zilipigwa. Mama mmoja mjane akasimama kuuliza itakuwaje kwa mtoto wake aliyelala pale. Nasi, kwa haraka ya kumaliza ajenda, tukajibu kwamba makaburi yale mengi hayana wenyewe. Yule mama akaketi, hakusema neno tena. Usiku tulipoinua bilauri ya maji kitandani, tulimkumbuka mzee wa Liverpool.

Mama, jibu lile lilikuwa baya, na tulilitoa mbele ya watu. Tunakuomba radhi mbele ya watu.

Jumapili hii, baada ya Misa ya pili, tutapita makaburini na daftari. Mwenye mpendwa wake pale aje, hata kama msalaba umeoza na jina halisomeki, atuonyeshe mahali na kututajia jina. Waliohamia mbali wapelekewe habari na jumuiya zao. Fundi tumemwambia asubiri, na ramani iko kabatini, ofisini kwetu, imekunjwa.