Kompyuta Iliyopata Joto na Hukumu Tuliyoiharakisha

Juma hili hatuna mas'ala ya fikihi. Tuna kadhia ya kompyuta, na ndani yake mna deni tunalodaiwa na kijana wetu. Deni tuliloliweka mbele za watu, na kwa hivyo halina budi kulipwa mbele za watu.

Wengi wenu mnajua kwamba huu ni mwaka wa tatu tangu tuihame Mombasa na kukaa Kasikeu, katika kaunti ya Makueni, kumfuata mama watoto aliyehamishiwa huku kusomesha. Ijumaa tunasali Sultan Hamud, na huko ndiko tunakosomesha darsa la Jumamosi baada ya Alasiri. Mji ule umebeba jina la Hamud bin Muhammad, aliyetawala Unguja tangu 1896 hadi 1902, siku zile reli ilipokuwa ikipanda bara. Na kila tukilisoma jina lile njiani huona kwamba mtu wa pwani hakuja huku akiwa mgeni kabisa. Lakini vumbi lake ni geni kwetu. Pwani tulizoea chumvi na unyevu, vyuma vikila kutu na nguo zikipata uvundo ndani ya masanduku. Huku Kasikeu, mvua za masika zikishapita, ardhi nyekundu hugeuka unga, na unga ule huingia popote penye upenyo, hata baina ya kurasa za kitabu kilichofungwa.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, tuliyoinunua Mombasa ikiwa imeshatumika. Mchana ni yetu: ndiyo tunayoandikia makala haya. Baada ya Isha, siku za likizo, ni ya kijana wetu wa kidato cha tatu, ambaye tumemruhusu saa moja ya michezo ya kompyuta, ile ambayo vijana huiita gemu. Kwa akiba ya sikukuu mbili alinunua mwenyewe kadi ya michoro, ili picha za mchezo zisikwame. Tulipofika huku na kuliona lile vumbi, tulimwita seremala akatutengenezea meza yenye kabati chini yake, kabati la mlango na kitasa, tukaitia mashine humo kama mtu atiaye amana sandukuni. Usiku tuliongeza shuka juu. Tulijiona watu wa tahadhari.

Mwezi wa Agosti huku ni wa baridi. Asubuhi watu hutoka na sweta, na mtu wa Mombasa hutoka na mbili. Ndiyo sababu haikutupitikia akilini kwamba ugonjwa wa mashine yetu ulikuwa joto. Tulichokiona ni kwamba kijana akicheza robo saa, mchezo huanza kukatakata, wachezaji wa mpira wakikimbia kana kwamba wamo majini hadi kiunoni. Feni hunguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Kisha kioo huwa cheusi, na mashine ikajizima yenyewe. Alhamisi moja ilijizima sisi wenyewe tukiwa tumeikalia, na makala ya juma lile, ambayo tulikuwa hatujayahifadhi, yakaenda nayo. Mtu aliyepoteza kurasa tatu hafai kukaa kwenye kiti cha hukumu saa ile ile. Sisi tulikaa.

Tukahukumu kwamba mwenye makosa ni gemu, na tukazifuta zote. Kijana alitamka neno moja tu: "Baba, mashine haipati pumzi mle kabatini." Tukamwambia asitufundishe. Jumamosi ile mada ya darsa ilikuwa malezi, nasi tukatoa mfano kutoka nyumbani kwetu: mtoto aliyeiua kompyuta ya babake kwa upuuzi. Watu walicheka. Alikuwa ameketi nyuma kabisa, karibu na viatu, na hakuinua kichwa.

Siku nne zikapita bila gemu hata moja, na mashine ikabaki vile vile. Kufungua faili moja kulichukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Tukaipeleka kwa fundi mmoja, hatutamtaja, ambaye hakuifungua wala kuigusa kwa bisibisi. Aliifuta programu yote, akaipanga upya, akachukua shilingi 1,500. Nyumbani ikazima siku ya pili. Hapo, sisi tuliosoma kwamba mshitakiwa hahukumiwi bila ushahidi, ilitubidi tujiulize: mshitakiwa ameshafukuzwa mjini, na wizi bado unaendelea, basi mwizi ni nani?

Aliyelijibu swali hilo ni mama watoto, naye hakuwa na nia ya kulijibu. Alikuja kufagia chini ya meza, akaegemea mlango wa kabati, akauondoa mkono upesi. "Bwana wangu," akasema, "mbao hizi zina moto. Hivi wewe ukitia jiko la makaa ndani ya kabati na kulifunga, ungetaraji nini?" Kisha akaenda jikoni akarudi na chetezo chenye ubani kidogo, akakiweka mbele ya mashine, akatuambia tuinamishe vichwa tutazame. Moshi ulivutwa ndani kwa mbele, kama ipasavyo, kwa kuwa feni za mbele huvuta hewa na za nyuma huitoa. Ukatokea nyuma, ukagonga ubao, ukazunguka pembeni, ukarudi mbele na kuvutwa tena. Mashine ilikuwa ikivuta ile ile hewa iliyokwisha kuitema, mara kumi, mara ishirini, na kila mara ina joto zaidi kuliko ile ya kwanza.

Tukamwita kijana. Alikuja, akasimama mlangoni. Tulimwomba arudishe gemu moja, ule mchezo wa mpira, ili kipimo kiwe cha haki. Naye akaweka na programu ya bure isomayo joto la mashine, iitwayo HWMonitor. Mlango ukiwa umefungwa, katika robo saa prosesa, ambayo ndiyo akili ya mashine, ilifika nyuzi 97 za Selsiasi. Mlango ukiwa wazi, nyuzi 88. Basi kabati lilikuwa na hatia, ila halikuwa peke yake.

Hapa kijana ndiye aliyekuwa mwalimu, nasi tukawa wanafunzi. Alitueleza kwamba wepesi wa mashine na joto lake ni kadhia moja. Prosesa nyingi zimewekewa mpaka, aghalabu baina ya nyuzi 95 na 100. Ikiukaribia mpaka huo, prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Mwendo ukipungua, picha hukatakata. Joto likizidi kupanda hata hivyo, hujizima. Tuliwakumbuka mahamali wa bandari ya kale pale Mombasa: gunia la adhuhuri ni lile lile la alfajiri, lakini mwenye kulibeba hupunguza hatua, na anayemwita mvivu ni yule aliyeketi kivulini. Kwa hivyo mtu akiona kompyuta yake imekuwa nzito, la kwanza ni kupima joto. Akiliona liko chini, tuseme nyuzi 60 au 70 katikati ya kazi, na uzito bado upo, basi atafute sababu nyingine. Akiliona limepanda kama letu, asipoteze fedha kwa kupanga programu upya.

Siku ya pili asubuhi tuliitoa uani. Kijana alichomoa waya wa umeme, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda ili umeme uliobaki ndani uishe, akagusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa kitu chochote cha ndani. Alipoufungua ubavu wa sanduku, sote tulinyamaza. Baina ya feni na yale mapezi ya alumini yanayoitoa joto prosesa palikuwa na kitu mfano wa zulia, chekundu, kimeshikamana, ambacho aliking'oa kwa vidole kikatoka kizima. Mama watoto akakinusa, akacheka hadi akakaa chini. Kilikuwa kinanukia udi. Kila usiku wa Ijumaa tulikifukiza chumba kile, na moshi wa udi una mafuta. Mafuta yale yakalishika vumbi la Kasikeu na kulifanya kitambaa. Alifuta machozi na kanga, akasema, "Haya, na mimi nimo kwenye mashitaka."

Kusafisha kwenyewe si kazi ngumu, na akina mama wanaweza kuifanya bila kumngoja mtu, ila kuna mambo ambayo kijana aliyasisitiza. Brashi iwe laini na kavu, kama ile ya rangi ambayo haijatumika. Usipulize kwa kinywa, kwa sababu mate huingia. Ukitumia hewa ya mkebe au pampu, izuie feni kwa kidole isizunguke, kwani kuizungusha kwa nguvu kutoka nje huweza kuiharibu. Mashine ya kufyonzea vumbi la zulia isikaribie kabisa, maana huzaa umeme tuli unaoua vipande vidogo. Na kwa watu wa Mombasa, Malindi na Lamu: kwenu vumbi ni chache kuliko huku, lakini hewa ya bahari ina chumvi, basi msiiweke mashine dirishani panapoingia upepo wa pwani moja kwa moja.

Baina ya prosesa na yale mapezi kuna dawa nyeupe au ya kijivu inayopitisha joto kutoka kimoja hadi kingine. Yetu ilikuwa imekauka ikawa kama ukoko wa wali. Kwa jambo hili tulikwenda kwa fundi mwingine, kijana wa Kikamba mwenye kibanda, aliyetuita "mwalimu" na kutuwekea kiti. Aliufuta ukoko kwa spiriti, akatia dawa mpya kiasi cha punje moja ya mbaazi, wala si zaidi, akafunga skrubu kwa mkingamo, hii kisha ile inayoikabili, ili chuma kikae sawa. Kazi yote haikufika nusu saa, na mbaazi aliyotupimia ilikuwa mbaazi ya kweli, kwa kuwa mbele ya kibanda mamake alikuwa akizipepeta.

Tulirudi tukajaribu mchezo ule ule, robo saa ile ile: nyuzi 74. Feni hazikunguruma. Wachezaji walitoka majini wakakimbia kama watu.

Palibaki uzito mdogo wa kufungua mafaili, nao haukuwa wa joto. Diski ilikuwa imejaa hadi shingoni, na kilichoijaza si gemu. Zilikuwa video za harusi: ya shangazi, ya binamu, ya binti wa jirani wa Mombasa, kila moja saa nne, na lelemama yote ndani yake. Mama watoto aliombwa achague za kubaki. Mazungumzo hayo hayajesha, na kwa sasa tumenunua diski ya nje ili pawe na amani.

Usiku ule, baada ya Isha, tulikaa na kijana barazani. Tulimwambia kwamba alituambia kweli nasi tukaikataa kwa sababu ilitoka kwa mdogo, na kwamba lile la darsani lilikuwa dhulma. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Baba, kompyuta haikuniuma. Wale waliocheka ndio walioniuma. Mmoja wao nasoma naye." Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeandaa maneno mengi, mazuri pia, na yote tukayaacha.

Jumamosi iliyofuata, kabla hajarudi shule, tuliiweka mada kando na kuwaeleza watu kisa kizima: kabati, shuka, udi, na yule mtoto tuliyemtaja. Tulilitaja kosa kuwa letu. Mzee mmoja aliuliza kama kompyuta ya mwanawe, inayozima pia, nayo imefungwa kabatini. Tukamwambia hilo hatulijui, amuulize mwanawe. Kijana wetu alikuwa ameketi pale pale karibu na viatu, lakini baada ya darsa watu watatu walimzunguka, mmoja akiwa na kompyuta ya mapajani ndani ya mfuko wa plastiki, na tulingoja kwenye gari mpaka magharibi ikakaribia.

Yale yaliyoandikwa humu ameyasoma kabla hatujayatuma, na ameyaridhia, isipokuwa alitaka tuongeze kwamba kadi ya michoro nayo ina feni zake na zisisahauliwe wakati wa kusafisha. Tumeongeza. Mashine sasa iko juu ya meza, pande zote wazi, na kila mwisho wa mwezi tunaipiga brashi. Shuka limerudi kitandani. Ule mlango wa kabati tuliung'oa, na mama watoto anauanikia mbaazi.