Hatari za Saa Mbili Asubuhi

Ofisi yetu ipo Kwa Mrombo, Arusha: vyumba vitatu na kibanda cha mlinzi. Anayepita nje huona watu wakisoma barua na kugonga mihuri, akadhani kazi yetu haina hatari. Hajui. Kuna kiti kilichotengenezwa kwa magurudumu matano na sasa kina manne, na kila anayekikalia lazima kwanza akumbuke upande usiopo. Kuna birika la umeme linalopiga shoti kidogo kwa aliyevua viatu. Kuna droo ya juu ya kabati la mafaili ambayo ukiivuta kwa pupa, kabati zima hukuinamia kama linataka kukunong'oneza jambo. Mgeni tunamfundisha haya siku ya kwanza, kabla hata hatujamwonyesha choo.

Halafu kuna harufu. Anayelijua eneo letu anajua sifa yake ni nyama choma. Siku za kawaida hiyo ni neema tupu. Lakini Ijumaa ya Kwaresima, upepo ukigeuka na mbuzi ameanza kudondosha mafuta kwenye mkaa, ndipo utakapojua nani amefunga kweli na nani amechelewa tu kupata chai.

Na chai yenyewe ndiyo inayotuletea hatari kubwa, kwa maana ya mazungumzo. Mlima Meru uko palepale kaskazini, mita 4,566. Mwenzetu mmoja akishafika kikombe cha pili hutukumbusha kwamba ule ni mlima wa volkano, na kwamba ulitoa majivu mwaka 1910, jambo ambalo kwa umri wa milima ni kama juzi. Mwingine hudakia ya Julai 2007, matetemeko ya upande wa Ol Doinyo Lengai yalipotikisa hadi Arusha na Nairobi. Basi tunapanga: nani atabeba mihuri, nani ataokoa daftari la mahudhurio (hapo wachelewaji hupendekeza liachwe liungue). Ofisi haina ghorofa. Kutoka mezani hadi nje ni hatua sita. Mpango tunaupanga hata hivyo.

Tukipanga hivyo, vikombe viko mikononi. Maji ya vyanzo vingi vya kandokando ya Meru yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Madini hayo yanatoka kwenye miamba ya volkano, na ndiyo yanayoyatia meno ya watu wengi wa huku rangi ya kahawia. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki. Kwa hiyo volkano tunayoiogopa tunainywa kidogo kidogo, na sukari vijiko viwili.

Lakini iliyotunyamazisha kweli ni hatari ya kibandani.

Juni na Julai baridi ya Arusha si ya mchezo kwa mtu aliyekesha. Mlinzi wetu, ambaye sote tunamwita Babu, alikuwa akiwasha jiko la mkaa saa kumi alfajiri, anasubiri moshi uishe, kisha analiingiza ndani na kufunga mlango. Hesabu yake ilieleweka: kibaya ni moshi, moshi umekwisha, basi salama. Kumbe mkaa uliokolea, usio na moshi hata kidogo, bado hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania kwenye damu kwa nguvu kupita mara 200 ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia. Na mlinzi aliyekesha akisinzia alfajiri, nani atashangaa?

Asubuhi moja ya Julai tulimkuta ameketi nje juu ya tofali, kichwa kakishika kwa mikono miwili, anatapika. Alisema ni malaria. Ndani jiko lilikuwa bado linawaka. Tulimpeleka zahanati, na namshukuru Mungu tunavyomshukuru sote, alirudi kwenye hali yake.

Kazi ikawa kumweleza.

"Babu, jiko lile lingekuua."

"Wajukuu zangu, miaka yote hii inayotaka kuniua ni baridi. Jiko ndilo linanitetea."

Hatukuwa na jibu la haraka, maana tulikuwa tumevaa masweta. Kumnyang'anya mzee moto saa kumi alfajiri, kisha ukaenda kulala kwenye blanketi zako mbili, ni msaada wa ajabu. Bahasha ikazunguka, polepole kuliko zile za harusi, ikapata koti zito la mtumba na blanketi. Fundi akatoboa matundu juu ya ukuta, akang'oa na mlango. Jiko sasa linakaa nje, na Babu analalamika kwamba paka wa jirani amehamia ndani ya koti.

Siku hizi anayefika wa kwanza hasukumi geti. Husimama nje akaita, "Shikamoo, Babu!" na kusubiri hadi asikie marahaba. Ikichelewa kidogo tu, hatuiti mara ya pili, tunaingia mbio.