KABLA HUJAKODI JINA LA MTU



Ndugu zangu katika imani, swali ninaloulizwa sana siku hizi baada ya swala ya Isha hapa Njoro si la talaka wala la mirathi. Ni la biashara. Mtu ameuza shamba, au amepata mafao yake ya kustaafu, au ametumiwa fedha na mtoto aliyeko nje. Hataki kuanza na duka lisilojulikana. Anataka biashara yenye jina tayari: uwakala wa fedha za simu, uwakala wa benki, uwakala wa soda, mitungi ya gesi, kituo cha mafuta, au mgahawa wa jina kubwa la nje. Ananiuliza, "Ustadh, nichukue ipi?"

Leo nitajibu kwa urefu, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujatoa shilingi yako.

Wataalamu wa biashara huiita franchaizi pale mtu anapolipa ili atumie jina la mwenzake, bidhaa zake na utaratibu wake, huku duka na hasara vikibaki vyake mwenyewe. Uwakala ni ndugu yake wa karibu: unafanya kazi kwa niaba ya kampuni na unapata kamisheni. Vyote viwili si vigeni kwetu. Mwaka 1899 wanasheria wawili wa Chattanooga, Marekani, walipata haki ya kujaza Coca-Cola kwenye chupa kwa mkataba wa dola moja tu. Jina likabaki la kampuni, lakini gharama za viwanda, chupa na magari zikawa za wajazaji. Na hapa Moshi tunao Bonite Bottlers, wanaojaza soda za jina hilo hilo. Kwa hiyo kreti unayoiona Mbuyuni ina mwenye jina, ina mwenye kiwanda, ina wakala, ndipo ina mwenye duka. Kila mmoja anachukua chake. Wewe unayetaka kuingia, jiulize ngazi yako inabakiza nini.

Dini yetu haikatazi kufanya kazi kwa mali ya mwenzako. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), kabla ya utume, alisafiri kwenda Sham na bidhaa za Bi Khadija (r.a.). Na Imamu Bukhari amepokea habari ya Urwa al-Bariqi (r.a.), aliyepewa na Mtume dinari moja akanunue mbuzi. Akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari ile ile. Mtume akamuombea baraka katika biashara yake. Tazama: Urwa alikuwa wakala, lakini wakala aliyelijua soko. Si jina la aliyemtuma lililoleta faida ile.

Basi nakupa maswali manne. Yapime kwa utaratibu huu huu, maana ukishindwa la kwanza huna haja ya la pili.

*SWALI LA KWANZA: Faida inatoka wapi?*

Kijana mmoja alinijia akiwa na furaha. Amepata nafasi ya kufungua kibanda cha kubashiri mechi. Mashine wanaleta wao, rangi wanapaka wao, yeye atoe fremu tu na apate kamisheni. Nikamwambia, mwanangu, faida ya kibanda hicho inatoka kwenye mfuko wa dereva wa bodaboda aliyepoteza hesabu ya siku. Allah ameikataza kamari pamoja na pombe katika Sura Al-Maida aya ya 90, na kubadilisha jina kuwa "ubashiri" hakubadilishi hukumu. Vivyo hivyo bohari ya bia. Mtume (s.a.w.) hakumtaja mnywaji peke yake katika laana ya pombe. Alimtaja muuzaji, mbebaji na mwenye kula thamani yake. Wakala wa bia ni hao wote watatu kwa pamoja.

Kisha kuna ile inayojivika nguo ya biashara na haina bidhaa. Unalipa kiingilio, unaambiwa wewe sasa ni "mmiliki", na kipato chako kinategemea watu utakaowaingiza chini yako. Watanzania tuliiona DECI. Watu walikuwa "wanapanda mbegu" na kusubiri kuvuna, mpaka serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 na waliochelewa kuingia wakabaki na risiti. Kipimo ni chepesi: ondoa wanachama wapya, je, kuna mteja anayenunua kitu kwa sababu anakihitaji? Kama hakuna, huo ni upatu, na fedha unayolipwa ni ya jirani yako.

*SWALI LA PILI: Fedha yako italala wapi, na ni fedha ya nani?*

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu 2008, na leo kila mtaa una mwavuli au kibanda cha uwakala. Watu huidharau kwa udogo wake, lakini ielewe. Mtaji wako umegawanyika pande mbili: fedha taslimu kwenye droo na floti kwenye simu. Siku ya soko wateja wote wanataka kutoa, droo inakauka. Mwisho wa mwezi wengine wanataka kuweka, floti inakwisha. Anayepata ni yule anayejua mzunguko wa mtaa wake na kuwa na pande zote mbili kwa wakati. Tena ni amana nzito. Wapo mawakala wanaomkatia mteja muamala mmoja vipande viwili ili kamisheni iongezeke, na mteja analipa makato zaidi bila kujua. Huo ni wizi, hata kama ni shilingi mia tatu.

Soda na gesi ni habari nyingine. Fedha nyingi haikai kwenye kinywaji wala kwenye gesi, inakaa kwenye makreti, chupa tupu na mitungi. Chupa zikivunjika au mitungi ikiishia kwa wateja, mtaji umetoka na hukuuona ukitoka.

Kituo cha mafuta kinahitaji mtaji mkubwa kuliko hizo zote, na hupangi bei unavyotaka, kwa kuwa EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi. Faida yako ni ile nafasi ndogo katika kila lita, ukizidisha kwa lita nyingi. Ndiyo maana shetani humjia mwenye pampu kwa njia ya kipimo. Isome Sura Al-Mutaffifin kabla hujasaini.

Sasa, ni fedha ya nani? Kama ni mkopo wa riba, umeanza kwa kujenga juu ya kilichoharamishwa, na tena marejesho hayasubiri msimu. Ziko njia za murabaha na ushirika katika benki zinazofuata sharia, zikiwemo Amana Bank na madirisha ya Kiislamu ya benki nyingine. Na kama ni fedha ya yatima, hapo nasimama kabisa. Mama mmoja mjane aliniuliza kuhusu kuweka urithi wa wanawe watatu kwenye jina la mgahawa wa mjini. Nilimsomea Sura An-Nisaa, aya ya 2 mpaka ya 10, tukaishia hapo. Mali ya yatima huwekezwa, ndiyo, ili isiliwe na zaka. Lakini haiwekwi yote mahali pamoja, wala mahali ambapo mtu wa mbali anaweza kuifunga kwa barua moja.

*SWALI LA TATU: Mkataba unasema nini?*

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an si ya swala wala ya hija. Ni aya ya 282 ya Al-Baqara, inayotuagiza kuandika deni na kuweka mashahidi. Na katika Sura Al-Qasas, Nabii Musa (a.s.) anapopatana na yule mzee wa Madyan, tazama jinsi masharti yalivyo wazi: miaka minane ni lazima, kumi ni hiari, na Allah ni shahidi wa wanayoyasema. Muda umetajwa, malipo yametajwa, cha lazima kimetengwa na cha hiari.

Wewe mkataba wako umeandikwa kwa Kiingereza, kurasa thelathini, na umesaini ya mwisho tu! Tafuta mtu akusomee. Angalia haya: Ni wa miaka mingapi, na nani anaweza kuuvunja? Wanaruhusiwa kumweka wakala mwingine hatua hamsini kutoka kwako? Vifaa lazima ununue kwao, kwa bei yao? Na ada ya jina inakatwa kwenye mauzo au kwenye faida?

Hili la mwisho limewaumiza wengi, basi lipige hesabu. Tuseme unauza milioni 10 kwa mwezi, na ada ni asilimia 6 ya mauzo. Unadaiwa 600,000. Kama baada ya kodi ya fremu, mishahara, umeme na malighafi ulibakiwa na 500,000, umefanya kazi mwezi mzima na umeingia hasara ya laki moja, wakati mwenye jina amepata laki sita yake. Si dhuluma ikiwa ulikubali ukijua. Lakini ulijua?

*SWALI LA NNE: Jina likiondoka, unabaki na nini?*

Hapa ndipo pa kuchagulia. Majina yanabadilika. Mwishoni mwa 2024 tuliamka Tigo imekuwa Yas, na mawakala wakabadilishiwa mabango. Waliokuwa wanawajua wateja wao hawakutetereka. Kampuni inaweza kuuzwa, kuondoka nchini, au kukunyang'anya uwakala kwa sababu hukufikia lengo la mauzo.

Kwa hiyo chagua aina ya biashara ambayo, siku bango likishushwa, bado una ujuzi, wateja na mahali. Fundi simu anayeongeza uwakala wa fedha kwenye kibanda chake, bango likishuka bado ni fundi. Mwenye duka la vyakula pale Pasua anayeongeza mitungi ya gesi, bado ana duka. Lakini mstaafu aliyefundisha miaka thelathini, hajawahi kukaa jikoni wala kusimamia mpishi, akaweka mafao yake yote kwenye mgahawa kwa sababu jina linang'aa, huyo bango likishuka anabaki na meza na viti.

Nikijumlisha: mwenye mtaji mdogo na biashara inayotembea, aongeze uwakala juu yake. Mwenye eneo lake, gari na nguvu za kufuatilia madeni, atazame soda, maji au gesi. Kituo cha mafuta waachie wenye mtaji usio wa riba, na ikiwezekana washirikiane ndugu watatu wanne kwa maandishi. Jina kubwa la nje alichukue aliyekwisha kufanya kazi ya aina hiyo. Na mstaafu asitoe zaidi ya theluthi ya alichonacho. Hiyo theluthi si hukumu ya sharia katika biashara, ni nasaha yangu tu kwako.

Kabla ya kulipa, omba ukae kwenye kibanda cha mtu siku saba, uhesabu wateja kwa kalamu. Kisha mtafute aliyeiacha biashara hiyo, umsikilize, maana kampuni itakutambulisha kwa waliofanikiwa tu. Ukishashauriana, swali rakaa mbili za istikhara. Usitangulize istikhara ukaacha kuhesabu.

Ewe Allah, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako, na uwalinde wazee wetu na yatima wetu na kila anayekula jasho lao. Amin.

Mfikishie mzee wako anayesubiri mafao mwaka huu.

Wabillahi tawfiq.