Asubuhi Mwaloni, Kirumba

Tulifika Mwaloni, Kirumba, katika Ilemela, jua likiwa limekwisha kupanda juu ya majabali. Harufu ya dagaa hutangulia kumlaki mgeni kabla ya watu: magunia juu ya magunia, na wanunuzi watokao hata Kongo, Rwanda na Burundi. Tulimwuliza muuzaji mmoja, "Je, mama, nyumbani mnawala hawa?" Akacheka. "Maalim, hawa ni wa biashara. Watoto wanataka chipsi."

Jibu hilo lilituchoma, kwani siku chache kabla yake tabibu alituambia kwamba sukari yetu imevuka mpaka. Alitueleza kwa upole: mafuta yanayojikusanya tumboni hayakulala tu. Huwaamsha askari wa mwili, wakapigana pasipo adui, mwaka hata mwaka. Huo ndio uvimbe wa ndani, usioonekana wala kuuma. Ukidumu, homoni ya insulini hubisha hodi kwenye seli za mwili isifunguliwe.

Maradhi haya yalikuwa haba. Uchunguzi wa vijijini Tanzania uliotangazwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya mtu mzima 1 katika 100. Ule wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta karibu 9. Namna za kupima hazikuwa moja, lakini tofauti si ndogo.

Na iko khabari ya Ziwa Nyasa. Wataalamu waliwapima watu wa pwani walao samaki kila siku, na wenzao wa milimani walao mimea. Wala samaki walikuwa na shinikizo la damu dogo zaidi. Tena taarifa ya mwaka 2002 ilisema homoni ya leptini, itokayo katika mafuta ya mwili, ilikuwa chini kwao hata walipolingana unene na wale wengine. Hatusemi dagaa ni dawa. Vidonge tumeandikiwa, nasi twavimeza. Lakini katika Sura ya An-Nahl tumekumbushwa neema ya nyama itokayo majini, nasi tulio ukingoni mwa maji twaiuza yote, tukanunua maandazi!

Tulinunua sado moja, tukarudi Pasiansi kwa miguu. Mama watoto aliwaosha mara tatu kwa ajili ya mchanga, akawapika kwa nyanya na vitunguu, pamoja na mchicha. Mtoto wetu mdogo alikata vichwa vyote akavipanga kando ya sahani. Miili aliila.