Utitiri unalala bandani, hauli mchana

Leo naanza na kosa langu mwenyewe, maana hapa kijijini kwetu Singida wapo wanaolijua tayari, na wengine walilicheka.

Mwaka jana, kabla ya mvua, mama mmoja wa kitongoji cha mbali alinipigia simu. Kuku wake walikuwa wamepauka, upanga wa kichwani umekuwa mweupe, mayai yamepungua. Nilifika saa saba mchana. Nikamshika tetea mmoja, mwepesi, mfupa wa kifua umechongoka. Nikasema ni minyoo. Akanunua dawa ya piperazini, akawawekea kwenye maji ya asubuhi kama nilivyomwelekeza. Baada ya wiki tatu akapiga tena, nikamwambia arudie. Mara ya tatu nikasema huenda dukani walimuuzia dawa iliyopitwa na muda, anunue kwingine. Hela hizo zilitoka kwenye kuku haohao. Yule mama huuza majogoo wawili watatu ndipo watoto wapate madaftari na sare.

Katika simu ya pili aliniambia jambo nikalipita. "Bwana mifugo, hata watoto wakitoka kuokota mayai wanajikuna mikono." Nikajibu kwamba ni vumbi.

Nilipokwenda tena pikipiki ilipata pancha, giza likanikuta kwake. Asubuhi ya siku hiyo tetea wake mkubwa alikuwa amekufa juu ya mayai 12 aliyokuwa akiyaatamia. Nikawasha tochi ya simu, nikaingia bandani. Fito za kulalia zilikuwa zinatembea. Nilipitisha kitambaa cheupe chini ya ufito mmoja, kikatoka na madoa ya damu.

Ule ni utitiri mwekundu. Chawa hukaa mwilini mwa kuku, viroboto vile vinavyoganda usoni unaviona hata mchana, lakini utitiri huu mchana umejificha kwenye nyufa za mbao, kwenye udongo uliobanduka ukutani na chini ya majani ya kiota. Usiku unatoka, unanyonya, unarudi. Ukiwa na njaa ni wa kijivu, ukishiba ni mwekundu. Kuku anayeatamia ndiye anayeumia zaidi kwa sababu haondoki kwenye kiota. Mimi nilikuwa natibu tumbo, na adui yuko ukutani. Stashahada ninayo, na somo hilo nilifundishwa.

Ukiuona, anza na banda. Tuliwahamisha kuku kwa siku kadhaa, tukatoa majani yote ya viota na kuyachoma mbali na nyumba, tukang'oa fito na kuzimwagia maji yanayochemka. Nyufa tuliziziba kwa udongo, kuta tukapaka chokaa. Ndipo tukanyunyiza dawa ya unga ya wadudu wa kuku ndani ya banda, na kuku wenyewe tukawapaka chini ya mabawa na karibu na mkia kama paketi ilivyoelekeza. Baada ya wiki moja tukarudia. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Mayai ya utitiri huanguliwa upya, na kwenye joto wadudu wapya hukua ndani ya siku 7 hadi 10. Tena banda kuliacha wazi mwezi mmoja hakutoshi, kwa sababu utitiri unaweza kukaa miezi bila kula.

Usichukue dawa ya kupulizia nyanya au pamba ukaimwaga kwa kuku. Watoto wako wanakula mayai hayo. Mafuta ya taa nayo humchoma kuku ngozi. Na unga ule unaouzwa umefungwa kwenye kipande cha gazeti, usinunue, hujui ni nini wala kipimo chake. Wenye duka, nanyi acheni kuupima kwa kijiko.

Nyumbani huhitaji duka zima. Uwe na tochi, kitambaa cheupe, paketi ya unga yenye maandishi yake, bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia dawa ya maji, na beseni la majivu makavu na mchanga ambamo kuku watajigaragaza. Dawa ya minyoo wape kila baada ya miezi mitatu, ila jua kwamba piperazini huondoa minyoo mikubwa ya mviringo, tegu haiwawezi. Chanjo ya mdondo ni tone moja jichoni, nayo kila miezi mitatu. Nunueni paketi moja kwa kaya kadhaa, mpeane zamu ya kuchanja.

Ninyi mnaopita na baiskeli kukusanya kuku wa kupeleka Dar es Salaam, tenga lenu ndilo gari la utitiri. Lina nyufa kuliko banda lolote, na leo liko kwa huyu, kesho kwa yule. Limwagieni maji ya moto kila mnaporudi mnadani, mlianike juani. Na mfugaji, tenga la mtu lisiingie bandani mwako. Kuku akamatwe, atolewe nje.

Yule mama nilimpelekea hela ya paketi tatu. Akapokea ya mbili. Ya kwanza aliikataa, akasema minyoo nayo ilikuwepo, aliiona kwenye kinyesi. Siku hizi hupitisha kitambaa kila Jumamosi usiku. Mwezi uliopita alinitumia mtoto nacho kimekunjwa kwenye mfuko, kina madoa mawili madogo, na ujumbe kwamba maji tayari yako jikoni yanachemka.