Haki ya Jirani Katika Mji Mpya

Sisi wakazi wa Lusahunga, wilaya ya Biharamulo, tumekusanywa na barabara iendayo Rusumo na Rwanda. Msubi amejenga ubavuni mwa Mhangaza, Muha na Msukuma. Wengi wetu makaburi ya babu zetu yako mbali. Watoto hutuuliza: “Asili yetu ni wapi?” Huwakumbusha wangu kwamba Mtukufu Mtume s.a.w. alipohamia Madina, mwaka 622, aliwaunga kwa undugu Muhajirina wa Makka na Ansari wenyeji. Urithi wa mji mpya hujengwa na majirani. Mwaka jana alifariki hapa mpita njia asiye na jamaa; majirani ndio waliomwosha, wakamsalia, wakamzika. Enyi vijana, mjueni jirani kabla ya msiba.